Honda ya Mzee Isiuzwe kwa Kilo

Msikilizaji, wanunuzi wa chuma chakavu wanapita mitaani na mizani yao, na siku hizi hawachukui sufuria zilizotoboka tu. Wanachukua pikipiki. Honda za miaka ya 1970 na 1980, zilizokaa uani miaka nenda rudi chini ya turubai, zinapimwa kilo kama mabati mabovu. Jambo hili linaniuma. Kama kwenu ipo moja, nakuomba, kabla hujapokea hela ya mizani, jaribu kwanza kuiamsha.

Chukua Honda CG125. Wahandisi wake waliiunda katikati ya miaka ya 1970 wakizilenga nchi kama zetu, ambako pikipiki hupakia watu watatu na gunia, na oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Wakaacha mtindo wa kuweka kamshafti juu kwenye kichwa cha silinda, wakarudia fimbo za kusukuma valvu kutoka chini. Cheni wakaifunika yote kwa bati ili mchanga usiile. Kwa macho ya wapenda mashindano, huko ni kurudi nyuma. Kwangu mimi ni heshima kubwa kwa mtu wa kijijini: walikaa wakafikiria maisha yake, ndipo wakachora injini.

Na injini ile haijafa. Viwanda vya China viliiga muundo wake, na bodaboda nyingi za Kichina unazozipanda leo zina injini ya ukoo huo. Kwa hiyo duka la spea za bodaboda linaweza kukufaa. Ila usinunue kwa kukadiria. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, ukipime na kipya palepale kaunta, kwa sababu vingi vinafanana kwa sura na kupishana kwa kipimo.

Kinachoziua pikipiki hizi siku ya kufufuliwa ni haraka. Inatolewa stoo, kijana anamimina petroli mpya juu ya ile iliyooza, anapanda, anapiga kiki kwa nguvu zake zote. Hapo huenda ringi zimeshashikana na silinda kwa kutu. Ukizilazimisha zikiwa kavu zinavunjika, au zinakwangua silinda, na kazi iliyohitaji oili na subira inakuwa kazi ya kukereza silinda na kununua pistoni.

Kiki isiguswe. Fungua plagi, mimina kwenye tundu lake oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli, uiache. Siku kadhaa, ikibidi, wiki kadhaa. Kisha tia gia ya juu kabisa, inua gurudumu la nyuma, ulitikise kwa mikono mbele na nyuma, taratibu. Gia ya juu ndiyo inayokupa nguvu zaidi juu ya pistoni ukisukuma kutoka kwenye gurudumu. Ikigoma, ongeza oili urudi kesho. Ikikubali kuzunguka, mwaga oili yote ya injini, maana iliyokaa muda mrefu imekusanya unyevu na asidi, uweke mpya kabla ya kuwasha.

Halafu tanki. Ukitikisa ukasikia mchanga ndani, hiyo ni kutu. Siki ya jikoni inaitoa vizuri: jaza, acha siku moja au mbili. Wengine hutia kokoto ili zikwangue, lakini mimi napendelea kipande cha cheni ya zamani, kwa kuwa ukikivuta kinatoka chote. Suuza kwa maji yenye magadi kuua ukali wa siki, kisha kausha papo hapo, kwani chuma kilicho wazi hupata kutu upya haraka mno.

Kabureta nayo utaikuta na ute mgumu wa petroli iliyokauka. Jeti ndogo ya mwendo wa taratibu ina tundu jembamba, na wengi hulizibua kwa waya wa chuma. Msifanye hivyo jamani! Jeti ni ya shaba nyeupe, chuma hulipanua tundu, na pikipiki haitatulia tena. Tumia dawa ya kusafishia kabureta, upepo wa pampu na uzi wa nailoni.

Upande wa umeme, CG za mwanzo zilitumia volti 6 na platini, basi usizifungie betri ya volti 12. Ncha za platini hushika utando zikikaa. Zipitishe msasa laini kabisa, uzifute kwa karatasi safi. Ishikize plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake, kisha uzungushe injini. Cheche ya buluu yenye nguvu ndiyo unayoitaka.

Ikiwaka, usikimbilie barabarani. Fungua breki utazame kama lainingi bado zimeshika, kwa sababu gundi yake huachia. Tazama na tarakimu za tarehe ubavuni mwa tairi. Zikiwa nne, mbili za mwisho ni mwaka. Zikiwa tatu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hata kama kashata zake zimesimama, halifai kubeba mtu.

Na ninyi mafundi wa zamani mnaonisikiliza, mnaoweza kupanga platini kwa kipande cha karatasi, mnazidi kupungua. Vijana wa gereji za bodaboda wamekulia kwenye mifumo isiyo na platini. Honda ya namna hii ikiletwa kwako, usiitengeneze peke yako. Mwite kijana mmoja, mpe spana yeye, wewe umwelekeze.