Bima ya Matibabu kwa Wazee Waendao Kukaa Ng'ambo

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

 

Vita vya mwaka 1979 viliwatoa watu wengi wa West Nile majumbani mwao, wakakimbilia Sudan na Zaire. Baadaye baadhi yao, pamoja na watoto wao, walifika mbali zaidi: Kanada, Australia na Marekani. Leo watoto hao wana kazi na nyumba, nao wanawaita wazazi wao, walimu na wauguzi waliostaafu na wafanya biashara waliochoka, wakakae nao. Kuwatendea wema wazazi ni faradhi, na wito huo ni wa heri. Lakini yafaa mzee ajue sharti lililomo kabla hajafunga mzigo.

Hapa Uganda ada za matibabu katika hospitali za serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa katika vyumba vya kulipia. Kwa hiyo wazee wengi hawakupata kuijua bima. Bima ni ada ilipwayo kabla ya maradhi, ili maradhi yakitokea kampuni ilipe hospitali. Huko Kanada serikali huwalipia wakazi wake, wala haiwalipii wageni. Mgeni akilazwa, hesabu yote ni juu yake, na siku chache za hospitali zaweza kula akiba ya miaka.

Kwa sababu hiyo, tangu Desemba 2011 Kanada ina viza maalum kwa wazazi, mababu na mabibi. Mwenye viza hiyo aweza kukaa hata miaka 5 kwa safari moja. Lakini hapana budi awe na bima isiyopungua dola 100,000 za Kanada, ya mwaka mmoja au zaidi tangu siku ya kuingia, yenye kulipia matibabu, kulazwa hospitali, na kurudishwa kwao. Makadirio ya bei peke yake hayakubaliwi. Bima yenyewe lazima iwe imekatwa. Kadhalika mzee hupimwa na daktari, na mtoto wake huandika ahadi ya kumtunza na kuonyesha kipato chake. Nchi nyingine nazo zina masharti yao: viza ya siku chache ya nchi za Schengen hutaka bima ya euro 30,000.

Wengine huuliza, je, bima ni halali? Baraza la Fiqhi la Jeddah lilitoa uamuzi Desemba 1985 kwamba bima ya biashara ina gharari, na badala yake ni bima ya kusaidiana, iitwayo takaful. Basi mwenye kuipata takaful inayokubaliwa na aichukue. Asiyeipata, naye analazimishwa na sheria ya nchi, awaulize wanavyuoni, kwani wapo wanaoona kuwa ana ruhusa kwa haja hiyo. Wala asiseme kwamba kumtegemea Mungu kwatosha. Mtume (S.A.W.) alimwamuru mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Kampuni humwuliza mzee maradhi aliyo nayo: shinikizo la damu, sukari, moyo. Wako wanaoshauriwa waseme, "Sina kitu," ili ada iwe ndogo. Huo ni uongo, na tena ni hasara. Mzee akiugua, kampuni hutazama vyeti vyake vya zamani. Ikiona alificha, yaweza kukataa kulipa. Hata aliyesema kweli aulize vizuri, maana makampuni mengi hutaka ugonjwa wa zamani uwe umetulia kwa muda fulani, mara nyingi siku 90 au 180, kabla ya bima kuanza. Kubadilisha dawa katika siku hizo kwaweza kumvunjia haki yake.

Na bima ikikataa, deni humwangukia nani? Humwangukia mzee, na mtoto aliyeahidi kumtunza hawezi kukaa kando. Wazee wanajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyojizuia kumsalia maiti mwenye deni, hata Abu Qatada alipojitwika deni lile. Je, ni wema gani kumwendea mtoto kwa mapenzi, kisha kumwachia deni lililotokana na neno moja la uongo?

Tena kuna jambo la mauti. Muislamu huzikwa upesi, na kuzikwa pale alipofia hakuna aibu. Basi mzee aandike wasia wake kabla ya safari, na aulize kama bima yake hulipia maziko ya huko au kusafirisha maiti tu.

Yafaa kila msikiti uwe na vijana wawili wasomi watakaokaa na mzee, wamfasirie karatasi ya bima neno kwa neno kabla hajatia sahihi au kidole, na wamwulizie kama ada hurudishwa viza ikikataliwa. Kazi hiyo haihitaji fedha, na thawabu yake ni kubwa.

Mwenyezi Mungu awape wazee afya, awarudishe salama, na awajaalie watoto wema. Wabillahi tawfiq.