Kabla ya Kutia Sahihi: Mazungumzo na Daktari wa Upasuaji

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakaazi wa Kitengela na afisa wa elimu ya afya)



Wengi wetu tukiambiwa "utapasuliwa", masikio huziba papo hapo. Daktari anaeleza, sisi tunaitikia "sawa daktari", fomu inaletwa, tunatia sahihi. Tukiulizwa nyumbani ni nini kitakatwa, hatujui.

Fomu ile ya idhini si risiti. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inataka uelezwe hali yako, matibabu yaliyopo, manufaa yake, hatari zake na gharama, tena kwa lugha unayoielewa. Kama mama anaelewa Kimaa pekee, aombe mkalimani bila kuona haya. Ila tafadhali, mjukuu wa miaka kumi asifanywe mkalimani wa mambo ya kizazi cha nyanyake. Unaweza pia kukataa, baada ya kuelezwa kitakachofuata ukikataa.

Andika maswali yako mapema, na uende na mtu wa kukusaidia kukumbuka majibu. Je, kuna njia nyingine isiyo ya kisu? Nikingoja miezi mitatu itakuwaje? Nani atanipasua? Nitarudi lini kubeba mitungi ya maji, au kuendesha bodaboda?

Daktari naye ana yake ya kuuliza, na hapa ndipo tunapoficha. Mwambie dawa zote unazomeza: za presha, za sukari, aspirini, za kuzuia damu kuganda. Usiziache kwa uamuzi wako; yeye ndiye atakayesema ni ipi isimamishwe na lini. Mtajie pia mitishamba, hata ile ya kwenye supu. Hakuna anayedharau mila, lakini baadhi ya mitishamba hufanya damu ikawie kuganda. Sema kuhusu pombe, sigara, miraa, mimba, na dawa iliyowahi kukudhuru.

Ukiambiwa usile, chai ya maziwa ni chakula. Kwa kawaida chakula na maziwa huachwa angalau saa 6 kabla, na maji matupu saa 2, lakini fuata saa uliyopewa na hospitali. Ukiwa katika usingizi wa nusukaputi, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Utaulizwa jina na sehemu ya kupasuliwa mara kadhaa. Usikasirike. Mwaka wa 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mgonjwa alifunguliwa fuvu la kichwa kimakosa baada ya utambulisho wa wagonjwa wawili kuchanganywa.

Kuhusu pesa: SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Thibitisha usajili na michango yako mapema, na uulize ni kiasi gani utabaki kulipa mwenyewe. Ukipewa rufaa kutoka Kitengela hadi Kajiado, beba kitambulisho, barua ya rufaa, majibu ya vipimo na picha zote za eksirei.