Mwanamke katika Upasuaji wa Masikio, Pua na Koo: Kiti Kinachohitajika Jinja na Mbale



Nimeombwa nizungumzie mwanamke mtangulizi katika upasuaji wa masikio, pua na koo. Naomba nianzie barabarani. Ukitoka Kampala kwenda Jinja, safari ya kilomita 80 hivi, unapita Namagunga kabla hujafika Lugazi. Hapo ndipo ilipo shule ya wasichana ya Mount Saint Mary's, iliyoanzishwa mwaka 1942 na Mama Kevin, mtawa kutoka Ireland. Katika shule hiyo alisoma Josephine Namboze, aliyehitimu udaktari Makerere mwaka 1959 akawa daktari wa kwanza mwanamke Afrika Mashariki. Mafunzo ya udaktari pale Makerere yalikuwa yameanza mwaka 1924, na wanafunzi wa kwanza wa kike walipokewa chuoni mwaka 1945. Hesabuni wenyewe muda uliopita.

Namboze alishika njia ya afya ya jamii. Margaret Mungherera, mzaliwa wa Jinja, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na kati ya 2013 na 2014 akaongoza Chama cha Madaktari Duniani. Wawili hao hawakubobea katika upasuaji, lakini nawataja kwa sababu mtangulizi hutokea pale alipoandaliwa kiti. Hata Marekani, Margaret Butler alipata uprofesa wa masikio, pua na koo mwanzoni mwa karne ya 20 katika chuo cha udaktari kilichojengwa kwa ajili ya wanawake, mjini Philadelphia. Makerere nayo ilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 za kuingilia chuoni. Kila mara kulikuwa na mtu aliyeamua kiti kiwepo.

Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji. Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, mama aliyevaa gomesi alishuka kutoka mlima Elgon na mtoto wa miaka miwili. Nyumbani walikuwa wakimenya karanga. Mtoto akacheka nayo mdomoni, akapaliwa, midomo ikabadilika rangi, kisha akatulia. Siku mbili akanyweshwa dawa ya kikohozi. Daktari bingwa wa zamu alikuwa mwanamke. Yule mama alimtazama, halafu akanigeukia mimi: “Sista, daktari anakuja saa ngapi?”

Daktari hakukasirika. Alipiga magoti, akasikiliza kifua upande wa kushoto, akahamia kulia, akarudi kushoto, kisha akanipa stetoskopu nisikilize mwenyewe. Upande wa kulia hewa ilikuwa inaingia kwa shida, na ndani yake mlikuwa na mluzi mwembamba kama wa mtu anayepuliza ufa wa mlango.

Karanga ni adui mbaya. Mafuta yake huchubua utando wa njia ya hewa, utando unavimba na kuibana, na ikikaa hulainika ikavunjika vipande mara tu koleo likiigusa. Kuitoa kunahitaji bomba gumu lenye taa, la kipimo cha mtoto, na mtaalamu wa usingizi anayegawana na mpasuaji njia ile ile moja ya pumzi. Wako wanaosema kazi hii inawafaa wanawake kwa vile wana vidole vyembamba. Sikubaliani nao. Alichokuwa nacho daktari yule ni miaka ya mazoezi, na sikio lililofundishwa.

Ujuzi ulikuwepo, bomba la kipimo cha mtoto halikuwepo. Tuliwapakia kwenye gari la wagonjwa kwenda Kampala, zaidi ya kilomita 200, daktari mwenyewe kakaa kando ya mtoto na oksijeni. Mtoto alipona. Mwaka uliofuata daktari alihamia Kampala, na sikuweza kumlaumu. Mpasuaji asiye na vifaa hugeuka kuwa mwandishi wa barua za rufaa.

Jinja, mji wa samaki, mwiba wa sangara ukikwama kooni watu humeza tonge la posho kuusukuma, wakafika hospitali koo limeshachanika. Milimani watoto hukaa na usaha wa sikio hadi kiwambo kinatoboka na darasani hawasikii. Wagonjwa hawa hawatapungua eti kwa kuwa bingwa yuko mbali.

Tangu 2013 Chuo Kikuu cha Busitema kinafundisha madaktari hapa Mbale, na miongoni mwao wamo wasichana wenye uwezo wa kazi hii. Wakuu wa hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, nawaombeni mambo mawili: tafuteni fedha za kumlipa msichana anaposomea ubingwa, na mnunue mabomba ya watoto kabla hajarudi, ayakute kabatini.