Kutoa Upepo Katika Breki za Gari



Anayetoa upepo nyumbani huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu ya breki. Usukani wa magari yetu ukiwa kulia, mpangilio wa kawaida ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, kisha mbele kulia. Yapo magari yenye mpangilio mwingine. Kitabu cha gari ndicho hakimu. Msaidizi akanyage pedeli, nawe ufungue skrubu na kuifunga kabla hajaiachia, la sivyo upepo hurudi. Mafuta ya breki yasiishe koponi. Usinunue yaliyokwisha kufunguliwa, hata kwa bei nafuu: hunyonya unyevu, nao haupungui pwani. Pedeli ikibaki laini, gari lisitoke uani.