Mwendo wa Siku Moja

Masomo: Yona 3:1-5, Yona 4:5-11

 

Katika sura ya tatu ya kitabu cha Yona twamwona mtu mmoja akiingia peke yake katika mji mkubwa wa Asia. Mji huo ni Ninawi. Magofu yake yapo hata leo katika nchi ya Iraki, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Mosul. Mto wenyewe ni Tigri, ambao Biblia yetu yauita Hidekeli. Ukuta wa Ninawi ulikuwa na mzunguko wa kilomita 12 hivi, na ukihesabu na vijiji vya kando, twaelewa kwa nini Maandiko yasema mji ule ulikuwa mwendo wa siku tatu. Yona aliingia, akaenda mwendo wa siku moja, akitangaza kwamba zimebaki siku arobaini tu.

Sasa, ndugu msikilizaji, tujiulize: siku ile nzima Yona aliona nini? Hatusomi kwamba alisimama kumjulia mtu hali. Hatusomi kwamba aliomba maji mlangoni pa mtu, wala kwamba alijua jina la hata mtoto mmoja. Alikuwa na ujumbe wa kweli kutoka kwa Mungu, na Mungu aliutumia ujumbe huo hata mfalme akashuka katika kiti chake. Lakini moyo wa mjumbe ulibaki nje ya mji. Ndiyo sababu katika sura ya nne twamkuta ameketi upande wa mashariki, angoja kuona watu wale watapatwa na nini.

Mtume Paulo naye alikaa peke yake katika mji wa kigeni, yaani Athene, akiwangoja Sila na Timotheo. Soma Matendo ya Mitume sura ya 17. Paulo alizunguka, akatazama kwa makini, akaona hata madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Aliposimama kuhubiri, alianzia pale pale, kwa kitu alichokiona njiani katika mji wao wenyewe. Miguu yake ilikuwa imemfundisha.

Tuje sasa karibu na kwetu, Turkana. Siku za ukoloni wilaya hii ilikuwa imefungwa, na mtu wa nje hakuingia bila kibali. Serikali ile iliiona kuwa mahali pa kufichia watu. Mzee Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung tangu 1953, kisha Mzee akawekwa Lodwar tangu 1959 hadi 1961. Waliotazama ramani walisema, "Hapa ni jangwa tu." Lakini hapakuwa jangwa tu. Palikuwa na watu, na mifugo yao, na visima walivyochimba kwa mikono katika mchanga wa laga, na akina mama waliosuka vikapu vya mkoma. Mungu aliwajua kwa majina.

Na Kakuma je? Mwaka 1992 walifika hapo maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu, kwanza hadi Ethiopia, na vita vilipozuka huko wakatembea tena hadi Kenya. Kambi ile ilianzishwa kwa ajili ya watu waliokuja kwa miguu. Leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa 2016, yana watu zaidi ya laki mbili: wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Ni mji mkubwa, kupita miji mingi ya Kenya.

Watu wengi huuona mji huu kwa dirisha la gari. Siku moja tuliupita kwa miguu, peke yetu, tangu asubuhi mpaka jua likielekea kutua. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Tulivuka laga ya Tarach, nayo ilikuwa kavu, mchanga ukichoma hata kwa viatu. Tuliwasalimu wenyeji, "Ejoka," nao wakatuitikia kwa furaha. Tulipita penye maduka ya Wasomali, na penye Wahabeshi wanaopika injera na kukaanga kahawa. Ndani ya kanisa la udongo na mabati tuliwasikia Wakongo wakiomba kwa Kiswahili, na tukaingia tukaomba nao.

Kisha tukamkuta mama mmoja Mturkana, mwenye shanga nyingi shingoni, ameketi na mzigo wa kuni karibu na nyumba za wakimbizi. Mtoto wa shule alitufasiria. Tulimwuliza, "Mama, biashara i namna gani?"

Akajibu, "Baba, hawa walikuwa wakinipa unga, nami nawapa kuni. Tangu mgao wao upunguzwe, hawana unga wa kunipa. Wao wakikosa, watoto wangu pia hulala njaa."

Wapenzi, hilo ndilo neno tuliloliokota. Katika makanisa yetu tumesikia wenyeji wakisema, "Wakimbizi hupewa kila kitu, na sisi ardhi yetu na miti yetu inakwisha." Tumesikia wakimbizi nao wakisema, "Wenyeji hawatutaki." Malalamiko yote mawili yana ukweli wake, na yatupasa kuyasikiliza kwa haki. Miti imekwisha kweli, na maji hayatoshi. Tena mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa sana, na watu walilia. Lakini mama yule wa kuni, ambaye hakuwa na Biblia mkononi, alijua jambo ambalo Yona hakulijua: kwamba heri ya jirani ni heri yake, na njaa ya jirani ni njaa yake. Alilijua kwa sababu huenda kwao kila siku kwa miguu.

Sasa turudi kwa Yona chini ya mtango wake. Sisi wa Turkana hatuhitaji kufundishwa thamani ya kivuli. Tunajua jua la saa nane. Tunajua kwamba mti mmoja wenye kivuli ni baraza la wazee, ni darasa na tena ni kanisa. Kwa hiyo hatumcheki Yona alipousikitikia mtango uliokauka. Ila Mungu alimwuliza swali, na leo atuuliza sisi: kama wewe waweza kuuhurumia mmea ulioota kwa usiku mmoja, je, mimi nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto? Tena Mungu akataja na wanyama wao wengi. Enyi wafugaji, mwasikia? Mungu wetu alihesabu hata mifugo ya Ninawi.

Kitabu kinaishia hapo. Hatuambiwi Yona alijibu nini. Jibu limeachwa kwetu.

Basi, ndugu msikilizaji, twakuomba jambo moja juma hili. Katika mji wako, uwe Lodwar, Kakuma, Kitale au Nairobi, iko sehemu ambayo hujakanyaga, ingawa wasema mengi juu ya watu wake. Nenda huko kwa miguu. Wasalimu watu kwa lugha yao, hata kama wajua neno moja tu. Uliza jina, na ukikaribishwa maji, kaa unywe. Usiwe na haraka ya kuhubiri kabla hujasikia. Ukirudi nyumbani, wataje watu hao katika sala zako kwa majina yao.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyemhurumia Yona na pia mji aliouchukia, tutoe chini ya vivuli vyetu. Wape chakula wenye njaa, wenyeji na wageni pia. Itie miguu yetu nguvu za kwenda kwa jirani, na macho yetu uyafungue tumwone. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.