Ujasiri wa Kusema Hapana

Dominika ya 12 ya Mwaka A (Mathayo 10:26-33)



Katika Injili ya Dominika hii tunamwona Bwana wetu akiwatuma mitume wake. Kabla hawajaondoka anawaonya juu ya hofu, na katika aya chache anawakataza kuogopa mara tatu. Hawaahidii kupokewa vizuri, wala hawafichi kwamba wapo watu wawezao kuua mwili. Anawahakikishia tu kwamba Baba, ambaye hata shomoro mmoja hamsahau, hatawaacha wao, na kwamba atakayemkiri Yesu mbele ya watu, naye atakiriwa mbinguni.

Huenda sisi wa Bugomora tukadhani kwamba maneno hayo yawahusu wengine. Kwani nani anatukataza kusali? Kanisa li wazi, jumuiya zinakutana, watoto wanafundishwa katekisimu bila kificho. Tuogope nini basi?

Tumtazame Petro. Usiku ule bustanini alichomoa upanga mbele ya kundi zima la watu wenye silaha. Saa chache baadaye, uani kwa Kuhani Mkuu, kijakazi mmoja alimwuliza kama naye alikuwa pamoja na Yesu, naye akakana. Kijakazi yule hakuwa na upanga. Petro alishindwa na macho ya watu. Twajifunza hapo kwamba ujasiri wa kupigana ni kitu kimoja, na ujasiri wa imani ni kitu kingine. Huu wa pili mara nyingi huhitajika mahali pa kawaida kabisa, mtu anapoulizwa swali dogo, na jibu lake ni ndiyo au hapana.

Jirani zetu ng'ambo ya mpaka wa kaskazini wametupa mfano. Kila tarehe 3 Juni tunawaadhimisha Mashahidi wa Uganda, nasi tunapenda kukumbuka moto wa Namugongo wa mwaka 1886. Lakini tukumbuke pia yaliyotangulia moto huo. Mwaka 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda, wakaja kukaa Bukumbi, upande wetu wa kusini mwa ziwa, wakarudi mwaka 1885. Kwa muda wote huo wakristu wachache waliobaki hawakuwa na Misa wala padre. Walifundishana wenyewe na kusali pamoja, na katika jumba la kabaka kiongozi wao alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe. Makatekista wetu mnaoongoza ibada katika vigango ambako padre hufika kwa nadra, mtambue kwamba kazi yenu ina mizizi mirefu.

Mwezi Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Yosefu Mukasa hakunyamaza. Alimkemea mfalme wake, ingawa aliyeuawa hakuwa wa dhehebu lake. Alikuwa pia akiwakinga vijana wa jumba la mfalme wasitendewe maovu. Tarehe 15 Novemba 1885 akauawa, wa kwanza kati ya wakatoliki 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Karoli Lwanga alibatizwa siku ile ile Yosefu alipokufa, akapokea pia kazi yake ya kuwalinda vijana. Basi Namugongo haikuwatokea kwa ghafla. Walikuwa wamezoea kukataa uovu muda mrefu kabla kuni hazijawashwa.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni ya zamani, ya wafalme na majumba yao. Tuchukue basi mfano wa siku zetu, wa mtu aliyefanya kazi ofisini, katika mji wa mpakani kama ilivyo Murongo yetu.

Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, akaishi Goma, mashariki mwa Kongo, jirani kabisa na Rwanda. Alisoma sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, akawa anawahudumia watoto wa mitaani. Kisha alipata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, nayo dhamana yake ilikuwa kuzuia vyakula vilivyoharibika visiingie nchini. Watu wenye mali walimletea fedha ili aruhusu chakula kibovu kipite. Alitafuta kwanza ushauri wa mtawa mmoja aliye mganga, ajue madhara ya chakula kile kwa watakaokila. Alipokwisha kuelewa, alikataa fedha, akakataa na vitisho vilivyofuata. Mwezi Julai 2007 alitekwa nyara, akateswa na kuuawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, shahidi wa imani, huko Roma.

Ndugu zangu, tuyatafakari haya. Kijana huyu hakuuawa kwa sababu ya kuhubiri. Hakuna aliyemwambia akanyage msalaba. Aliombwa tu kutia sahihi. Na Kanisa limetamka kwamba kuikataa sahihi ile kulikuwa kumkiri Kristu mbele ya watu. Kwa nini? Kwa sababu aliwaona maskini ambao wangekinunua chakula kile sokoni, na ndani yao alimwona Kristu aliyezoea kumhudumia katika watoto wa mitaani.

Sasa turudi nyumbani. Katika nchi yetu hii ya Kyerwa na Karagwe kahawa ndiyo karo ya watoto, ndiyo bati la nyumba, ndiyo dawa ya mgonjwa. Hapo ndipo imani yetu inapopimwa. Jirani ana mgonjwa, hana fedha. Anakuja kwetu atuuzie kahawa ingali maua mtini. Twaijua biashara hiyo ya butura. Je, tutampa robo ya thamani na kujiita wasamaria wema? Mwenye mizani anaambiwa aipunguze kidogo, kwa kuwa wote hufanya hivyo. Kijana anaitwa usiku kubeba magunia ya magendo kuvuka mpaka, na akikataa huitwa mwoga. Ndugu wa marehemu wanakaa kikao kumwondoa mjane kibanjani, na mmoja wao, mkristu, anajua kwamba ni dhuluma. Akisema hapana, ukoo utamtenga. Huyo ndiye kijakazi wetu wa uani. Hana upanga, lakini anatuuliza kama sisi ni wa Yesu.

Hatusemi kwamba ni rahisi. Anayekataa hupoteza. Hupoteza fedha, hupoteza marafiki, pengine na kazi. Wala Bwana hatuagizi kuitafuta hatari, kwani katika sura hii hii anawaruhusu mitume kuukimbia mji unaowatesa na kwenda mji mwingine. Kinachotakiwa ni kutomkana. Tufanye nini, basi, ili tuweze?

Kwanza, tuanze na madogo. Anayesema kweli juu ya debe moja la kahawa anajiandaa kusema kweli siku ya gunia mia. Katika Kipaimara tulipokea kipaji cha nguvu. Nacho hukua kwa kutumiwa.

Pili, tutafute ushauri kama Floribert. Mtu akibaki peke yake na jaribu lake hushindwa upesi. Azungumze na katekista, na mwenzi wake wa ndoa, na padre katika kitubio.

Tatu, na hili lituguse sote, jumuiya zetu zimbebe yule aliyekataa. Tusimsifu mtu kwa uaminifu wake Dominika, kisha Jumatatu tukamwacha na njaa. Aliyekosa fedha za magendo na asaidiwe karo. Aliyetengwa na ukoo kwa kumtetea mjane apate ukoo mpya katika jumuiya ndogondogo. Tukifanya hivyo, wengi waliokaa kimya watathubutu kusema.

Na yule aliyekwisha kukana asikate tamaa. Petro alilia kwa uchungu, na baada ya ufufuko, kando ya ziwa, Bwana alimwuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo wake. Mtu aliyemwogopa kijakazi alikuja kufa shahidi Roma.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyewatia nguvu Yosefu Mukasa, Karoli Lwanga na wenzao, na mtumishi wako Floribert, utujalie Roho wako, ili katika mashamba yetu, sokoni, mpakani na katika vikao vya koo zetu, tusione haya kuwa watu wa Mwanao. Uwafariji wanaoteseka kwa kutenda haki, na utufanye tuwe msaada wao. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.