Kuhani Alipima Mara Mbili

Masomo: Walawi 13:1-6, Luka 17:11-19

 

Leo tuko na neno juu ya hepatiti C, ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi. Kwetu, mtu akivimba tumbo na macho yakawa ya manjano, swali la kwanza ni hili: nani alimpa sumu? Jirani anashitakiwa, mama mkwe anafukuzwa, familia inavunjika. Kumbe pengine virusi viliingia miaka 20 iliyopita kwa sindano isiyo safi, kwa wembe wa kuchanjia, ao kwa damu aliyoongezewa bila kupimwa. Miaka hiyo yote hakusikia maumivu. Ndugu, kabla ya kumtaja mchawi, peleka mgonjwa akapimwe.

Katika Walawi, kuhani hakuhukumu kwa kuangalia mara moja. Aliangalia, akangoja siku 7, akaangalia tena. Na Yesu aliwatuma wale wakoma 10 kwa makuhani wakaangaliwe. Basi kupimwa si kukosa imani.

Kwanza, ujue kipimo kinasema nini. Kipimo cha kwanza kinatafuta alama ya vita, yaani askari ambao mwili ulitengeneza juu ya virusi. Kinaonyesha kwamba adui alipita. Hakionyeshi kama angali ndani. Katika watu 10, karibu 2 mpaka 4 miili yao inamfukuza bila dawa. Kwa hiyo inafaa kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe katika damu na kuhesabu wingi wake. Waganga wanaita hesabu hiyo sharji virale.

Pili, usiogope namba, wala usijisifu kwayo. Mmoja anapata 300.000, mwingine 5.000.000. Wa kwanza anafurahi, wa pili analia. Lakini namba hiyo haisemi ini limeharibika kiasi gani. Mwenye namba ndogo anaweza kuwa na ini lenye makovu mengi, na mwenye namba kubwa akawa na ini bado zuri. Hali ya ini inajulikana kwa vipimo vingine vya damu na kwa ekografi. Jambo la kuamua dawa ni hili: virusi vipo ao havipo? Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri kutibu watu wote wa miaka 12 na zaidi ambao virusi vimekaa kwao, bila kungoja tumbo livimbe. Mwaka 2022 likaongeza watoto kuanzia miaka 3.

Tatu, maliza dawa. Vidonge vya sofosbuvir na daclatasvir vinamezwa mara nyingi kwa wiki 12. Wengine ambao ini limeharibika wanapewa wiki 24. Zaidi ya watu 9 katika 10 wanapona kabisa. Hapa si kama ukimwi, ambapo dawa inashusha virusi na mtu anaendelea kumeza maisha yote. Hapa dawa inaisha.

Lakini sikia vizuri, mpendwa. Wengi wakipimwa katika wiki ya 4, labo haioni virusi tena. Hapo ndipo shetani anapodanganya. Mtu anasimama kanisani, anashuhudia, watu wanapiga vigelegele, na vidonge vinatupwa. Virusi vilivyojificha vinarudi. Maliza dozi, kisha ngoja wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, upimwe tena. Kama havionekani, umepona! Njoo utoe ushuhuda, sisi wote tutaruka pamoja nawe. Kumbuka tu kwamba kile kipimo cha kwanza kitaendelea kuonyesha alama hata ukiisha kupona, usishituke. Na ukitumia wembe ao sindano chafu, unaweza kuambukizwa upya.

Mwambie daktari kila kitu: kama una mimba, kama unameza dawa za kifua kikuu, kama unakunywa majani ya kienyeji. Upimwe pia hepatiti B, kwa sababu inaweza kuamka wakati C inatibiwa. Acha pombe. Na wakati wa kufunga, meza kidonge chako kwa maji, Mungu hakasiriki.

Sasa nasema na kanisa. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kusalimiana, kula sahani moja, wala kushiriki Meza ya Bwana. Msimtenge mtu. Vipimo na dawa vinaomba franga nyingi, na havipatikani kila mahali. Yesu alifundisha juu ya mtu anayehesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Basi mgonjwa, wazee na mashemasi wakae pamoja, wahesabu dawa zote mpaka kipimo cha mwisho, wachange kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Mkono unaowekwa juu ya kichwa cha mgonjwa uingie pia mfukoni.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa ini ulilotuumbia na kwa akili uliyowapa waganga. Wape wagonjwa wetu uvumilivu mpaka kidonge cha mwisho. Patanisha familia zilizovunjika kwa mashitaka ya sumu. Katika jina la Yesu. Amina.